Jinsi ya kupanga konekta za bodi mbili zinazopandana ili ziingiane bila kulazimishwa: mwongozo kamili

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote kutoka kwa wanafunzi na mafundi wa Kampala ni hili: bodi mbili za saketi za kielektroniki zimechorwa, zimeagizwa kutoka China, zimefika, kila moja inafanya kazi vizuri ikiwa peke yake mezani, lakini ukijaribu kuzipandanisha zinakataa. Pini zimepishana na matundu ya soketi kwa milimita moja, au pini zinaingia lakini skrubu hazipati njia, au, vibaya zaidi, kila kitu kinaingia sawasawa na moshi unatoka mara tu umeme unapowashwa.

Anayeuliza huamini kwamba alipima vibaya. Kwa kawaida sivyo. Alichora bodi ya kwanza akaimaliza, kisha akajaribu kuifuatisha katika bodi ya pili kwa kuhesabu kutoka ukingoni. Mahali pa konekta, yaani kiungo cha pini na soketi kinachounganisha bodi hizo, si mali ya bodi ya chini wala ya bodi ya juu. Ni uamuzi mmoja unaofanywa kabla ya kuchora bodi yoyote, ukaandikwa mahali pamoja, na bodi zote mbili zikautii. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na jambo hilo.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: kifaa cha kufuatilia joto la tangi la maziwa, cha kufungwa katika vituo vya kupozea maziwa kama vile vya upande wa Mbarara. Bodi ya chini inapokea umeme wa 240 V, inatoa 12 V na kubeba relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Bodi ya juu ina maikrokontrola, yaani chipu inayoendesha kifaa, na skrini. Zinaunganishwa na konekta moja ya pini 10, safu mbili za pini tano tano, yenye nafasi ya 2.54 mm kati ya pini na pini. Dume, yaani upande wenye pini, liko kwenye bodi ya chini na jike, yaani soketi, liko chini ya bodi ya juu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Konekta zenyewe mkononi, dume na jike, angalau jozi mbili. Usichore konekta ambayo hujaishika.
- Karatasi ya vipimo ya mtengenezaji wa konekta hizo.
- Kalipa ya dijitali, yaani kipimo cha taya mbili kinachosoma sehemu za milimita. Rula haifai kwa kazi hii.
- Programu ya KiCad ya kuchorea bodi na FreeCAD ya kukagua umbo. Zote mbili ni za bure.
- Nguzo za M3 (za skrubu yenye kipenyo cha 3 mm) za kutenganisha bodi, pamoja na skrubu, nati na washa zake.
- Mahali pa kuchapisha karatasi kwa printa ya leza. Aliye Kampala atapata huduma hiyo Nasser Road bila shida.
- Kipande cha stairofomu, gundi ya karatasi, na mita ya umeme yenye mlio wa kupima njia.

## Hatua ya 1: Amua unatazama kutoka upande gani

Kabla ya kugusa kompyuta, andika sentensi moja juu ya karatasi: «Bodi zote mbili zinatazamwa kutoka juu, zikiwa zimepandana kama zitakavyokuwa ndani ya kasha.» Ibandike mbele yako.

Sababu yake ni kwamba makosa mengi ya konekta hutokea pale mtu anapochora bodi ya chini akiitazama kutoka juu, kisha akaichora ya juu akiiwazia imelala kifudifudi mezani ili aone soketi yake. Hapo kulia kumekuwa kushoto. Ukishikilia mtazamo mmoja, X na Y za konekta zitakuwa namba zile zile katika bodi zote mbili, na hutahitaji hesabu yoyote ya kugeuza.

## Hatua ya 2: Weka sifuri kwenye tundu la skrubu, si kwenye ukingo

Chagua tundu moja la skrubu ambalo litapitiwa na nguzo moja katika bodi zote mbili. Kitovu cha tundu hilo ndicho sifuri ya X na sifuri ya Y. Katika KiCad, weka hapo nukta ya asili ya faili za kutobolea, kisha nenda kwenye mapendeleo ya kihariri cha bodi na uiambie programu ionyeshe vipimo vyote kuanzia nukta hiyo. Fanya vivyo hivyo katika bodi ya pili.

Watu huuliza kwa nini wasitumie kona ya bodi, ambayo inaonekana kwa urahisi zaidi. Jibu liko kiwandani. Matundu ya bodi hutobolewa na mashine moja kwa mfululizo, hivyo umbali kati ya tundu na tundu huwa sahihi sana. Ukingo hukatwa baadaye, katika kazi nyingine, na viwanda vingi vya bei nafuu hutaja tofauti ya karibu 0.2 mm kwa ukataji huo. Ukipima kutoka ukingoni, unaibeba tofauti hiyo mara mbili, mara moja kwa kila bodi.

Kwa sababu hiyo hiyo napenda matundu ya skrubu yapakwe shaba ndani, kama yalivyo matundu ya pini. Matundu yasiyopakwa shaba mara nyingi hutobolewa katika awamu ya pili, na awamu mbili zinaweza kuhitilafiana kidogo.

Raspberry Pi ya ukubwa wa kawaida, kompyuta iliyojengwa juu ya bodi moja, ni mfano mzuri wa kuiga. Matundu yake manne yako umbali wa 58 mm kwa 49 mm, na konekta yake ya pini 40 imekaa katikati kabisa ya matundu mawili, kwenye mstari wao. Anayetengeneza bodi ya kupanda juu yake hahitaji kuujua ukingo wa bodi hiyo hata kidogo.

Dalili ya mafanikio: ukibofya tundu la kwanza katika faili zote mbili, X na Y zinasoma 0.00.

## Hatua ya 3: Andika jedwali moja la konekta

Fungua faili ya maandishi ya kawaida na uiweke katika folda inayobeba miradi yote miwili. Kwa mfano wetu imeandikwa hivi, X ikienda kulia na Y ikienda chini kama KiCad inavyoonyesha kwa kawaida:

- Tundu T1: X 0.00, Y 0.00
- Tundu T2: X 70.00, Y 0.00
- Tundu T3: X 0.00, Y 50.00
- Tundu T4: X 66.00, Y 50.00
- Konekta K1, pini namba 1: X 20.00, Y 10.00, pini namba 2 iko kulia kwa namba 1, namba 3 iko chini ya namba 1

Tazama kwamba T4 haiko kwenye 70.00. Nimeivuta 4 mm makusudi. Matundu manne yakiunda mstatili kamili na konekta ikawa katikati yake, bodi ya juu inaweza kugeuzwa kinyume kabisa na bado kila skrubu ikaingia, pini 1 ikakutana na pini 10. Fundi atakayeifungua miaka miwili ijayo katika chumba chenye giza nyuma ya tangi hatakuwa na mchoro wako mkononi. Tundu moja lililohamishwa linamzuia kukosea bila kumwandikia neno lolote.

Chini ya vipimo, andika kazi ya kila pini:

- Pini 1 na 2: 12 V
- Pini 3 na 4: ardhi (njia ya kurudishia umeme wa 12 V)
- Pini 5: amri ya relei
- Pini 6: kengele
- Pini 7 na 8: ishara za vipima joto
- Pini 9 na 10: ardhi

Umeme umewekwa kwa jozi, pini mbili za mstari mmoja zikibeba kitu kimoja, kwa sababu kosa la kawaida kuliko yote ni safu mbili kubadilishana, 1 ikienda kwa 2 na 3 kwa 4. Likitokea kosa hilo katika mpango huu, 12 V inabaki 12 V na ardhi inabaki ardhi. Bodi yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa na 12 V kwenye pini 1 na 3.3 V kwenye pini 2. Safu zilibadilishana, na maikrokontrola iliungua kabla sijauondoa mkono kwenye swichi. Tangu siku hiyo sijawahi kuziweka volti mbili tofauti katika mstari mmoja.

## Hatua ya 4: Weka konekta na uigeuze kwa njia sahihi

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nenda polepole.

Katika bodi ya chini, weka futiprinti ya dume upande wa juu. Futiprinti ni mchoro wa matundu na pedi (vipande vya shaba vya kulehemia) ambamo konekta hukaa. Fungua sifa zake na uandike X 20.00 na Y 10.00 kwa mkono. Usiivute kwa kipanya hadi ionekane imefika.

Katika bodi ya juu, weka futiprinti ya soketi, kisha ibofye na ubonyeze herufi F ili iende upande wa chini. Programu yenyewe ndiyo inayoigeuza kama kioo kinavyogeuza sura. Baada ya hapo andika X 20.00 na Y 10.00 zile zile, na uizungushe, ikihitajika, mpaka pini 2 iwe kulia kwa pini 1 na pini 3 iwe chini yake.

Onyo la kwanza. Usitumie futiprinti ya dume mahali pa jike kwa sababu tu matundu yanafanana. Katika maktaba ya KiCad, dume la safu mbili lina pini 2 kulia kwa pini 1, lakini soketi ya safu mbili ina pini 2 kushoto. Wameipanga hivyo makusudi, ili soketi ikigeuzwa kwenda chini, namba zake zilingane na za dume lililo chini yake. Ukiweka dume pande zote mbili na kuligeuza moja, safu zitabadilishana, na mchoro hautakuonyesha kosa lolote.

Onyo la pili. Kamwe usigeuze pedi kwa mkono ndani ya futiprinti «ili kurekebisha». Ukifanya hivyo kisha mtu mwingine akabonyeza F, kosa litakuwa limegeuzwa mara mbili na hakuna atakayelitambua.

Onyo la tatu. Soma kwa makini karatasi ya mtengenezaji. Wengine huchora matundu yakitazamwa kutoka upande wa komponenti (vipande vinavyopachikwa kwenye bodi), wengine kutoka upande wa kulehemu. Mchoro usiposema, shika konekta mkononi, tafuta alama ya pini 1 kwenye plastiki yake, na uamini kile unachokiona.

Wanaotengeneza bodi za kupanda juu ya Arduino Uno, bodi ya maikrokontrola inayotumiwa sana na wanafunzi, wana mtego wao wa ziada. Pengo kati ya pini 7 na pini 8 ya bodi hiyo si 2.54 mm wala maradufu yake, ni karibu 4.06 mm. Ukichora kwa kuhesabu hatua za 2.54 mm, safu nzima iliyo baada ya pengo hilo itakuwa imehama. Tumia futiprinti iliyokwisha thibitishwa.

Dalili ya mafanikio: weka namba za pedi zionekane katika faili zote mbili, fungua madirisha mawili bega kwa bega, na uzisome kwa sauti, moja baada ya nyingine. Kila namba iko mahali pale pale.

## Hatua ya 5: Hesabu kimo

Konekta inakutanisha bodi kwa X, Y na pia kwa kimo. Soketi ya kawaida ya 2.54 mm ina kimo cha 8.5 mm, na plastiki ya dume ina 2.54 mm. Zikiingiana mpaka mwisho, uso wa bodi moja uko 11.04 mm kutoka uso wa nyingine. Kwa hiyo nguzo inayotakiwa ni ya 11 mm.

Nguzo unazoweza kuzipata kwa urahisi ni za 10 mm na 12 mm. Ya 10 mm ni hatari: ukikaza skrubu, pembe za bodi zinavutwa chini milimita nzima huku katikati pakiwa pameegemea konekta, na lehemu za pini zinabaki zimekazwa siku zote. Kifaa kikisafirishwa kwenye barabara ya murram, lehemu hizo ndizo zitakazopasuka kwanza. Chukua ya 10 mm na uongeze washa mbili za M3 za unene wa 0.5 mm kila moja, utapata 11 mm kamili. Nguzo ya 12 mm nayo inakubalika, kwa sababu pini ya 6 mm bado itaingia karibu 5 mm ndani ya soketi. Thibitisha kwenye karatasi ya mtengenezaji kwamba kina hicho kinatosha.

Baada ya hapo, chora juu ya bodi ya chini kivuli cha bodi ya juu, yaani eneo lote litakalofunikwa. Chochote kilichomo ndani ya kivuli hakina 11 mm za kupanda. Ondoa karibu 2 mm za miguu ya komponenti inayochomoza chini ya bodi ya juu, na 1 mm ya usalama, zinabaki 8 mm. Kapasita ya kawaida yenye kipenyo cha 5 mm ina kimo cha 11 mm, na relei ndogo ya 10 A inafika karibu 15 mm. Zote mbili zinatoka nje ya kivuli, au kapasita inalazwa. Njia za 240 V nazo zinatoka nje ya kivuli, na mimi siziruhusu zikaribie ukingo wa bodi ya juu kwa chini ya 8 mm.

## Hatua ya 6: Fikiri mara mbili kabla ya kuongeza konekta ya pili

Pini ya 2.54 mm ni ya mraba wa 0.64 mm, na mshazari wake ni karibu 0.9 mm. Tundu lake ni la 1.0 mm. Ina maana pini inaweza kuyumba takriban 0.05 mm kila upande kabla ya kulehemu. Skrubu ya M3 katika tundu la 3.2 mm inayumba 0.1 mm kila upande. Konekta moja na skrubu nne zinapatana kwa amani, kwa sababu konekta ndiyo inayoongoza na skrubu zinafuata.

Konekta mbili ngumu kati ya bodi zile zile hazina anayefuata. Kila moja inataka kuongoza, na tofauti yoyote ndogo inageuka kuwa nguvu juu ya lehemu. Ikiwa unahitaji pini zaidi, refusha konekta ile ile. Ikiwa konekta ya pili haiepukiki, iwe ya waya mwepesi, au tafuta aina iliyotengenezwa ili ielee kidogo. Anayeanza asikimbilie konekta za 0.5 mm, kwani hizo hazina matundu ya kuzishika na hutegemea usahihi wa mashine ya kupachika.

## Hatua ya 7: Jaribio la karatasi

Hatua hii inagharimu shilingi chache na nusu saa, na ndiyo inayookoa bodi nyingi kuliko nyingine zote.

Chapisha bodi zote mbili kwa ukubwa halisi, zote zikitazamwa kutoka juu, pedi na matundu zikionekana. Chora pia mstari wa 100 mm pembeni. Mwambie mchapishaji asikubali printa ipunguze mchoro ili utoshee karatasi. Kabla hujaondoka dukani, pima mstari huo kwa kalipa. Ukisoma 97 mm, karatasi hiyo haina kazi.

Weka karatasi moja juu ya nyingine na uzishike dirishani penye jua. Linganisha T1 na T2 kwanza. Kisha tazama konekta: kila duara jeusi linapaswa kulifunika lingine kabisa, bila mwezi mwembamba wa mwanga kuchungulia pembeni. Mwezi huo ukionekana upande mmoja wa pini zote, bodi imehama. Ukionekana kulia kwa pini za mwanzo na kushoto kwa pini za mwisho, konekta imezunguka.

Sasa bandika kila karatasi juu ya kipande cha stairofomu kilichokatwa kwa umbo la bodi. Chomeka dume halisi kutoka juu ya kipande cha chini, na jike kutoka chini ya kipande cha juu. Andika namba kwa kalamu. Pandanisha. Ukiona dume lako lina plastiki ndefu kuliko ulivyodhani, au soketi inagusa kapasita, umelijua leo na si baada ya mzigo kutua Entebbe.

## Hatua ya 8: Zikutanishe ndani ya kompyuta

Toa bodi zote mbili kama faili za STEP, yaani za umbo la pande tatu, ukichagua nukta ile ile ya asili, na uziingize FreeCAD. Inua bodi ya juu kwa kimo cha nguzo pamoja na unene wa bodi. Kwa sababu sifuri ni moja, hupaswi kusogeza kitu kingine. Ukijikuta unaisogeza kando ili ikae sawa, rudi Hatua ya 2. Zungusha mandhari utazame kutoka ubavuni: plastiki mbili zinagusana, na hakuna komponenti iliyopenya nyingine.

## Hatua ya 9: Lehemu zikiwa zimefungwa, kisha pima kabla ya kuwasha

Bodi zikifika, usilehemu konekta ya bodi moja ukaimaliza ndipo uende kwa nyingine. Ingiza dume na jike pamoja, viweke kati ya bodi mbili, funga nguzo zote nne, kaza skrubu kwa vidole, ndipo ulehemu. Anza na pini mbili tu za pembe zinazokabiliana katika kila bodi. Tazama kutoka ubavuni. Konekta ikiwa imeinuka, pasha pini hiyo na uibonyeze taratibu. Kisha malizia zilizobaki. Kwa njia hii ile 0.05 mm ya kuyumba inafanya kazi kwa faida yako, kwani konekta inakaa pale nguzo zinapotaka.

Fanya hivyo kabla ya kupachika maikrokontrola. Chukua jedwali la Hatua ya 3 na mita yenye mlio. Weka ncha moja kwenye pedi ya 12 V ya bodi ya chini na nyingine kwenye pedi ya 12 V ya bodi ya juu, usikie mlio. Endelea mpaka pini 10, ukiweka alama ya vema kwenye kila mstari. Halafu pima kati ya 12 V na ardhi: hapo mita isilie.

Mwisho, toa skrubu zote na uzitenganishe bodi kwa kuzivuta wima, bila kuziyumbisha. Zipandanishe tena bila skrubu. Zikiwa zimepangwa vizuri, bodi ya juu inashuka kwa mkono mmoja, unahisi ukinzani ulio sawa tangu pini ya kwanza hadi ya mwisho, na ukitazama kupitia matundu manne unaona nyuzi za nguzo zikiwa katikati ya kila tundu. Hapo unaweza kufunga skrubu, kupachika maikrokontrola na kuwasha 12 V.